Ufalme wa Ufaransa ulianguka lini? Ulinganisho wa tarehe nne

Anayeketi kuandika au kufundisha juu ya kuanguka kwa ufalme wa Ufaransa hukwama mapema, tena kwenye jambo linaloonekana dogo: ni siku ipi hasa aitaje kuwa ndiyo siku ya kuanguka? Vitabu havikubaliani, kwa sababu kila mwandishi ana jambo lake analolitafuta. Makala hii ni kwa ajili ya msomaji aliyekwama hapo. Inalinganisha tarehe nne: usiku wa 20 kuamkia 21 Juni 1791, mfalme alipotoroka na hatimaye kukamatwa kwenye mji mdogo wa Varennes, 10 Agosti 1792, kasri la Tuileries lilipovamiwa, 21 Septemba 1792, Bunge lilipofuta ufalme, na 21 Januari 1793, Louis XVI alipokatwa kichwa.

Tarehe 14 Julai 1789, siku ya kutekwa kwa gereza la Bastille, nimeiacha nje kwa makusudi. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi zinazoruka kutoka Bastille moja kwa moja hadi gilotini, na kila mara naumia, maana yaliyorukwa ndiyo yanayoeleza kila kitu. Baada ya Bastille Louis alibaki mfalme kwa miaka mitatu na ushee. Aliendelea kuteua mawaziri wake mwenyewe, alitengewa livre (sarafu ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 25 kwa mwaka za kuendeshea nyumba yake, na katiba ya 1791 ilimpa kura ya turufu ya kuchelewesha sheria. Kilichoanguka mwaka 1789 ni utawala wa mfalme asiye na mipaka. Kiti chenyewe kilikuwa bado kimesimama, na wengi wa waliokipunguzia ukubwa walitaka kiendelee kusimama.

Vigezo vya kulinganisha

Ili kila tarehe ipewe haki yake, nimezipima zote kwa maswali manne yaleyale. La kwanza ni la sheria: je, siku hiyo iliondoa nini katika maandishi ya dola? La pili ni la nguvu: je, amri ya mfalme ilikuwa bado na mtu wa kuitii, na kama hakuwapo, nani alishika mpini? La tatu ni la imani: je, watu wa kawaida, si wa Paris peke yao, walimwonaje mfalme kabla na baada ya siku hiyo? La nne ni la vita, kwa kuwa ufalme huu haukuanguka wakati wa amani. Inafaa kujua tishio la majeshi ya nje lilisukuma jambo kwa kiasi gani. Baada ya hayo nataja udhaifu wa kila tarehe na aina ya msomaji inayemfaa.

Usiku wa Varennes, Juni 1791

Muda mfupi baada ya saa 6 usiku familia ya kifalme ilitoka Paris kwa kujificha. Mlezi wa watoto alisafiri kwa jina la mjane wa Kirusi, Bi. de Korff, mfalme alivaa kama mtumishi wake, na mrithi wa kiti, mtoto wa miaka sita, alivishwa gauni la msichana. Gari lao lilikuwa kubwa na zito, likaenda polepole kuelekea Montmédy, karibu na mpaka, ambako Jenerali Bouillé aliwasubiri na askari. Huko Sainte-Menehould, Drouet, msimamizi wa kituo cha kubadilishia farasi, alimtambua mfalme, akapanda farasi na kuwahi mbele. Kwenye saa 5 usiku wa tarehe 21, Varennes, watu waliziba daraja kwa magari na samani. Familia ikaingizwa kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la Sauce, muuza vyakula aliyekuwa pia mtumishi wa serikali ya mji. Mfalme aliendelea kukana mpaka alipoletwa mwanasheria wa hapo aliyewahi kuishi Versailles, kulikokuwa na kasri la mfalme. Huyo, alipomwona tu, akapiga magoti. Kule kupiga magoti, ambako zamani kungekuwa heshima, usiku huo kulikuwa ushahidi wa kumkamatia.

Kisheria, siku hii haikuondoa kitu cha kudumu. Bunge lilisimamisha mamlaka ya mfalme kwa muda, likatunga maelezo kwamba alikuwa ametekwa nyara, na tarehe 14 Septemba 1791 Louis aliapa kuitii katiba akarudishiwa nafasi yake. Upande wa nguvu ni tofauti kabisa, na hapa naona wengi hawatazami vya kutosha: kwa muda wa karibu miezi mitatu Ufaransa iliendeshwa kwa amri za Bunge bila sahihi ya mfalme, mawaziri wakatii, na nchi haikusambaratika. Watu waliona kwa macho yao kwamba mashine ya dola inazunguka hata dereva akiwa amefungiwa ndani.

Kwenye imani ndiko pigo lilikokuwa kubwa. Kabla ya kuondoka Louis aliacha tamko lililoandikwa kwa mkono wake akiyakana mengi aliyokuwa ameyakubali hadharani tangu 1789, hivyo hata waliotaka kumtetea hawakupata pa kusimama. Mjini Paris watu walifuta neno "mfalme" kwenye vibao vya maduka. Aliporudishwa tarehe 25 Juni, umati ulijipanga barabarani ukamtazama kwa ukimya, kofia zikiwa vichwani. Tangazo lilikuwa limeonya kwamba atakayemshangilia atapigwa na atakayemtukana atanyongwa. Inasimuliwa kwamba Louis mwenyewe, alipofikishiwa amri ya Bunge kule Varennes, alisema Ufaransa haina tena mfalme.

Vita bado havikuwapo, lakini safari hii ilivikaribisha. Maafisa wengi wa kikabaila walilikimbia jeshi baada yake, na tarehe 27 Agosti mfalme wa Prusia na mtawala wa Austria, kaka yake malkia Marie Antoinette, walitoa tamko la Pillnitz lililowafanya Wafaransa wahisi kwamba wanazungukwa.

Udhaifu wa tarehe hii ni kwamba wenye mamlaka waliikataa jamhuri. Tarehe 17 Julai Walinzi wa Taifa, jeshi la raia la kulinda mji, waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kwenye uwanja wa Champ de Mars, Paris, kutia sahihi ombi la kumwondoa mfalme. Ukisema ufalme ulianguka Juni 1791, utawajibika kueleza kwa nini uliendelea kwa miezi mingine 14. Tarehe hii inamfaa anayeandika kuhusu uhalali wa utawala, yaani namna mtawala anavyopoteza utii wa mioyo kabla ya kupoteza kiti.

Tarehe 10 Agosti 1792

Hapa vita vimekwisha kuingia. Tarehe 20 Aprili 1792 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Austria, kwa kura za karibu wabunge wote. Ni wachache mno waliopinga. Jambo la kusikitisha ni kwamba kila upande ulivitaka vita hivyo kwa sababu inayopingana na ya mwenzake. Wabunge wa kundi la mwenzao Brissot waliamini vitamlazimisha mfalme aonyeshe yuko upande gani. Mfalme na malkia walitumaini majeshi ya nje yatashinda na kuwarudishia enzi yao. Malkia alifikia hatua ya kuwapelekea Waaustria habari za mipango ya jeshi la Ufaransa. Wananchi hawakuwa na barua zake mikononi, ila walishuku, na shuku zao zilikuwa na msingi.

Vita vilianza vibaya. Mwishoni mwa Aprili askari waliokimbia mapambano mpakani walimuua jenerali wao, Dillon, mjini Lille, wakimdhania msaliti. Katikati ya hofu hiyo Louis alitumia kura yake ya turufu kuzuia sheria ya kuwafukuza makasisi waliokataa kiapo cha utii kwa dola, na nyingine ya kuweka kambi ya askari wa kujitolea 20,000 karibu na Paris. Kikatiba alikuwa na haki hiyo. Kwa mtu wa mtaani ambaye mwanawe yuko mpakani, ilionekana mfalme anawafungulia adui mlango. Tarehe 20 Juni umati uliingia Tuileries ukamzingira kwa saa kadhaa. Alivaa kofia nyekundu ya wanamapinduzi, akanywa kwa afya ya taifa, ila hakuiondoa turufu yake. Naandika kuhusu anguko lake, lakini siku hiyo alionyesha ujasiri ambao haki inadai utajwe.

Mwishoni mwa Julai likaja tangazo la Duke wa Brunswick, kamanda wa majeshi ya Prusia na Austria, lililotishia kuliadhibu na kuliteketeza jiji la Paris iwapo familia ya kifalme itaguswa. Lilikusudiwa kumlinda Louis. Likawa ndilo lililomchongea, kwa kuwa sasa adui alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba yeye na mfalme ni kitu kimoja. Siku chache baadaye meya Pétion aliwasilisha bungeni, kwa niaba ya karibu mitaa yote 48 ya Paris, ombi la kumvua ufalme.

Usiku wa kuamkia 10 Agosti kengele za hatari zililia, wawakilishi wa mitaa wakaunda Komuni mpya, yaani serikali ya jiji, na kamanda wa Walinzi wa Taifa aliyetakiwa kulilinda kasri akaitwa kwenye ukumbi wa jiji na kuuawa. Asubuhi Louis alishuka kuwakagua walinzi wake. Baadhi walimshangilia, wengine, hasa wa mizinga, wakampigia kelele za kumkataa. Roederer, ofisa wa wilaya, akamshauri akimbilie bungeni, hatua chache upande wa pili wa bustani. Roederer ameandika kwamba njiani mtoto wa mfalme alikuwa akipiga teke majani makavu yaliyolundikwa na watunza bustani, na Louis akasema majani yameanguka mapema mwaka huo. Bungeni familia iliwekwa kwenye kijichumba cha waandishi, nyuma ya kiti cha spika. Kutoka humo mfalme alisikia milio ya risasi kasrini kwake, naye akatia sahihi amri fupi kwa askari wake wa Kiswisi: waweke silaha chini na warudi kambini. Karatasi hiyo ipo hadi leo. Ndiyo amri yake ya mwisho akiwa mfalme, na waliotii wengi wao waliuawa. Kati ya Waswisi 900 hivi waliolilinda kasri, takriban 600 walikufa katika mapigano, mikononi mwa umati au magerezani baadaye. Upande wa washambuliaji pia waliouawa na kujeruhiwa walihesabiwa kwa mamia.

Kwa kigezo cha sheria, Bunge lilimsimamisha mfalme bila kuufuta ufalme, likaitisha Konvensheni, yaani bunge jipya, ya kuchaguliwa na wanaume karibu wote, bila kujali kodi wanayolipa. Kwa kigezo cha nguvu hakuna tarehe inayoifikia hii: tangu asubuhi hiyo hakuna mtu aliyepokea amri ya Louis, na siku tatu baadaye alifungiwa kwenye mnara wa Temple mjini Paris. Kwa kigezo cha imani, Paris na wapiganaji waliotoka Marseille na Brest walikuwa wameamua. Mikoani hali ilikuwa mchanganyiko, na Jenerali Lafayette alijaribu kuligeuza jeshi lake dhidi ya Paris, akashindwa na kukimbilia upande wa pili wa mpaka. Kwa kigezo cha vita, hii ndiyo tarehe ambayo huwezi kuieleza hata kidogo bila mstari wa mbele.

Udhaifu wake ni kwamba inaweza kuifanya hadithi nzima kuwa ya jiji moja na asubuhi moja, na kufanya damu ionekane kama hoja. Inamfaa anayechunguza mapinduzi kwa maana ya nani anahamisha nguvu kutoka mkono upi kwenda upi, na pia mwalimu mwenye kipindi kimoja tu, maana fedha, dini, vita na njaa ya haki vyote vinapita kwenye mlango uleule.

Tarehe 21 Septemba 1792

Konvensheni ilipofungua vikao vyake, wabunge wengi walikuwa bado wako njiani. Karibu na mwisho wa kikao, Collot d'Herbois, aliyewahi kuwa mwigizaji, alisimama akataka ufalme ufutwe. Mjumbe mmoja alipoomba jambo lijadiliwe kwanza, Askofu Grégoire alijibu kwamba wafalme katika maadili ni kama majitu ya kutisha katika maumbile, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Azimio likapita bila upinzani: ufalme umefutwa Ufaransa. Kesho yake nyaraka zikaanza kuandikwa mwaka wa kwanza wa Jamhuri.

Kwa sheria, tarehe hii haina mpinzani. Ndiyo pekee yenye sentensi unayoweza kuinukuu. Kwa nguvu haikubadilisha chochote, kwani aliyefutiwa cheo alikuwa gerezani kwa wiki tano. Kwa imani inaonyesha mengi kuliko inavyodhaniwa: mwaka mmoja tu nyuma Bunge jingine lilikuwa limemwapisha mtu huyohuyo, na sasa hakuna hata mmoja aliyeinuka kumtetea, ingawa ni kweli pia kwamba mauaji ya magerezani ya mwanzoni mwa Septemba, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 1,000, yaliwafunga wengi midomo. Kwa vita, siku moja kabla majeshi ya Dumouriez na Kellermann yalikuwa yamewazuia Waprusia kule Valmy, baada ya miji ya ngome ya Longwy na Verdun kuanguka. Jamhuri ilizaliwa siku ambayo ilianza kuonekana kwamba inaweza kuishi.

Udhaifu ni ukavu wake: ukiitaja peke yake, msomaji atadhani ufalme wa karne nyingi uliondolewa kwa kunyoosha mikono. Inamfaa mwanafunzi wa sheria na katiba, na yeyote anayejibu swali la mtihani linalodai tarehe rasmi.

Tarehe 21 Januari 1793

Novemba 1792 kabati la chuma lililofichwa ukutani Tuileries lilifichuliwa, likiwa na barua za siri za mfalme, na baada ya hapo kesi haikuweza kukwepwa. Katiba ya 1791 ilisema mfalme haguswi. Mawakili wake, Malesherbes, Tronchet na de Sèze, waliishikilia hoja hiyo kwa heshima na kwa nguvu. Upande wa pili mbunge Saint-Just alisema hakuna anayeweza kutawala akiwa mfalme na asiwe na hatia. Hakuna mbunge aliyepiga kura kwamba Louis hana kosa. Kuhusu adhabu, kila mmoja alipanda jukwaani kwa zamu kutaja hukumu yake, shughuli iliyopita usiku kucha: kati ya wapiga kura 721, waliotaka kifo bila sharti lolote walikuwa 361. Ombi la kuahirisha likakataliwa kwa kura 380 dhidi ya 310. Louis alikatwa kichwa muda mfupi baada ya saa 4 asubuhi, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Place de la Concorde. Alipojaribu kusema na watu, ngoma zilimzima.

Kwa sheria, aliyekufa ni raia aliyeitwa Louis Capet, si mfalme. Kwa nguvu hapakuwa na kilichobaki cha kuhamishwa. Kwa imani hapa pana uzito wake wote, kwa sababu mfalme wa Ufaransa alipakwa mafuta matakatifu Reims, na kwa Mkatoliki wa kijijini kumuua kulikuwa kuvunja kitu ambacho Bunge halikukitengeneza. Kwa vita, kifo hiki kilipanua moto: tarehe 1 Februari Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Uingereza na Uholanzi, na Machi eneo la Vendée likaasi, likichochewa zaidi na agizo la kuandikisha askari 300,000.

Udhaifu wake uko kwenye namba. Wafuasi wa ufalme walimhesabu mwanawe aliyekuwa kifungoni kuwa Louis XVII tangu dakika hiyo. Alikufa Temple mwaka 1795 bila kutawala hata siku moja. Ami yake, aliyetoroka usiku uleule wa Varennes kwa njia nyingine na kufanikiwa, ndiye aliyerudi mwaka 1814 akijiita Louis XVIII. Kwa hao, kichwa kilichokatwa hakikukata mstari. Tarehe hii inamfaa anayeandika juu ya dini, kumbukumbu na hofu ya mataifa jirani, na msimulizi anayehitaji tukio ambalo wasikilizaji wataliona machoni.

Uchague ipi

Kila tarehe, ukiitazama vizuri, ina jibu lake kwa swali la kwamba mfalme ni nini. Varennes inamwona kuwa ni imani, Agosti kuwa ni nguvu, Septemba kuwa ni sheria, na Januari kuwa ni mwili uliotakaswa. Kabla hujaandika aya ya kwanza, amua wewe unaamini lipi, kwa kuwa tarehe utakayoichagua itakuwa imeshasema kabla yako.

Ukiwa unajibu mtihani na muda ni mfupi, taja 21 Septemba kuwa tarehe rasmi kisha tumia nafasi iliyobaki kueleza 10 Agosti. Msahihishaji ataona unajua maandishi na unajua pia kilichoyaandikisha. Ukiwa mwalimu wa darasa ambalo halijawahi kusikia habari hizi, anza na gari lile zito barabarani usiku, kwa maana watoto humwelewa haraka mtu anayekimbia kwa kujificha, na kutoka hapo wataifuata kura ya turufu bila kuchoka. Ukiwa unalinganisha mapinduzi haya na ya nchi nyingine, tumia 10 Agosti, maana swali la nani analiamuru jeshi lina jibu kila mahali, ilhali si kila nchi ina azimio lililoandikwa. Ukiandikia wasomaji wa dini au wa historia ya ufalme, ni vigumu kuikwepa Januari, ila waeleze pia kuhusu Louis XVIII.

Na ukiwa na nafasi ya kutosha, zichukue mbili, Varennes na Agosti, kisha chunguza miezi 14 iliyo kati yake: nani alivitaka vita, nani alinufaika navyo, na kwa nini turufu iliyokuwa halali katika karatasi ya Septemba 1791 ilionekana kuwa uhaini kufikia Juni 1792.